Pale Mbele Palikuwa Pangu

12 Februari

Kaka yangu mpenzi,

Ukiipata hii, jua nyumbani wote tunapumua. Mama mzima, ila goti lake ndilo hilo, siku likikosa la kulalamikia linauma tu ili lisisahaulike. Mimi mzima wa mwili. Wewe je? Mvuke wa pasi za hotelini haujakukausha? Unakula? Usiniambie unakula huku unashindia chai.

Najua utauliza kwa nini nisipige simu. Kwenye simu unanikatiza. Kwenye barua utanisikiliza mpaka mwisho, upende usipende.

Kaka, mkeo amenipokonya mahali pangu.

Tangu ulipomleta akae nasi mpaka mkataba wako uishe, nimejikaza. Mama alipoanza kumwita "mwanangu" na mimi akaniita "wewe", nilinyamaza. Mama alipoanza kumwuliza yeye kama chumvi imekolea, wakati mboga za nyumba hii naonja mimi tangu sijaota meno ya mbele, nilinyamaza pia. Nikasema wifi ni wifi, ndivyo walivyo. Lakini kwaya! Kwaya ni yangu, jamani.

Alikuja mara moja tu, kunisaidia kubeba majoho mapya niliyoyashona. Akawa anayakunja huku anaimba polepole, anajiimbia mwenyewe. Mwalimu wa kwaya akaacha kufundisha. Akasogea. Akasema, "Hebu rudia." Akarudia, nami nikasikia. Sikufichi, ana sauti, Mungu amsamehe. Jumapili iliyofuata nikaambiwa nirudi mstari wa pili, yeye aongoze.

Unakumbuka kwetu anayeongoza husimama peke yake kwenye kile kingazi cha mbele, chini ya boriti kubwa, na wengine hupanga mistari nyuma yake. Pale pamekuwa pangu tangu nilipotoka shule ya Jumapili. Joho langu nililipunguza urefu kwa mbele ili nisilikanyage nikipanda. Sasa joho hilo kapewa yeye, na mimi fundi ndiye niliyeambiwa nilibane kiuno, maana mkeo ana kiuno. Nimelibana. Nimejichoma sindano vidole vyote.

Nimemwambia mwalimu nina mafua, na mazoezini siendi tena. Mtu mzima ovyo, najua, usinihubirie.

Jingine dogo. Mwalimu humbakiza mkeo baada ya mazoezi. Wenzake wanarudi makwao, yeye anabaki. Mimi simo. Nimekuambia tu ili usije ukawa wa mwisho kujua ya nyumbani kwako.

Mdogo wako,
mgonjwa wa mafua

&nbsp;

27 Februari

Mdogo wangu,

Salamu kwako, kwa Mama na kwa goti lake. Mimi niko salama, namshukuru Mungu. Kazi ni shuka, shuka, shuka. Wageni wanalala, sisi tunafua. Wakiamka tunafua tena. Sijawahi kuona watu wanaochafua vitu vyeupe kwa bidii namna hii.

Barua yako nimeisoma wakati wa chakula, nikicheka peke yangu mpaka mwenzangu wa pasi ya pili akaniuliza kama nimepata mchumba. Wewe na mahali pako! Ulikuwa hivyohivyo tangu utotoni, ukigombea hata upande wa kukaa mezani. Nilicheka mpaka nilipofika pale chini. Hapo chakula kikanishinda.

Anabaki na nani? Hilo ndilo swali langu. Anabaki na yule mwalimu peke yake, au kuna mtu mwingine? Wanabaki muda gani? Anarudi nyumbani na nani? Ni yuleyule mwalimu mwenye ndevu za kuchonga, anayejipaka manukato hata siku za mazoezi?

Mke wangu ananiandikia kila wiki. Ananiambia habari za kuku, habari za Mama, habari zako pia, kwamba una mafua na anakuchemshia maji ya ndimu. Kuhusu kubaki hajasema hata neno. Kwa nini hajasema? Mtu anayesema habari za kuku mmoja mmoja, jambo hili analisahauje?

Sitaki kumwuliza yeye. Nikimwuliza atajua nimeambiwa. Nimeamua kumwuliza Mungu. Kila asubuhi kabla ya kuwasha pasi nasema, "Bwana, kama kuna kitu, nionyeshe." Na wewe niangalizie, unijibu haraka. Mtu huku mbali kichwa kinafanya kazi kuliko mikono.

Kaka yako

&nbsp;

19 Machi

Kaka yangu,

Najua umesubiri barua hii kwa hamu na najua ulikuwa umeniuliza nini. Nisamehe, leo nina habari nyingine. Mama mzima. Mimi mzima. Mkeo yuko hai. Umeshasoma kwamba yuko hai, sasa keti.

Alhamisi ya wiki iliyopita alasiri ulivuma upepo ambao hata Mama hajawahi kuuona. Haikuwa mvua ya kawaida. Mbingu zilikuwa za njano. Nilikuwa nimekaa kwenye cherehani karibu na dirisha, nimenuna, maana walikuwa mazoezini na nilikuwa nawasikia mpaka nyumbani. Mara sikusikia tena kitu ila mabati. Yalikuwa yanapita barabarani kama karatasi. Paa la shule likaondoka, paa la mwuza mbao likaondoka, na paa la kanisa halikuondoka, Kaka, liliingia ndani.

Boriti kubwa iliangukia kile kingazi. Pale pale. Mkeo alikuwa amesimama akiongoza ubeti wa pili.

Mguu wake wa kushoto umevunjika mara mbili, na mbavu. Wamemfunga plasta mpaka pajani. Wengine wameumia mikono na vichwa, lakini wataishi. Babu wa Kengele alikuwa amekaa mlangoni kama kawaida yake akiwasubiri wamalize ili afunge. Tumemzika Jumamosi. Yule mzee hakuwahi kumpigia kelele hata mbuzi aliyeingia kanisani.

Na ile baa ya ng'ambo ya barabara? Haikupoteza hata bati moja. Walevi ndio waliokuja mbio kunyanyua boriti. Mmoja alikuwa bado ana chupa mfukoni.

Sasa sikiliza yanayosemwa. Unamkumbuka mzee wa kanisa tunayemwita Kipaza, yule ambaye akinong'ona mtaa wa pili wanaitikia. Amesema mazishini, mbele ya watu wote, kwamba Mungu hapigi nyumba yake bure. Kwamba kulikuwa na uchafu kwenye kwaya, na Mungu ameufikia pale ulipokuwa umesimama. Hakutaja jina. Hakukuwa na haja, kila mtu anajua nani alikuwa amesimama wapi. Halafu akanionyesha kidole. "Na huyu," akasema, "miaka yote alisimama pale. Bwana alimwondoa mapema kwa mkono wake mwenyewe."

Wanawake wakanishika mikono, wakalia, wakaniita mteule. Kaka, nikuambie? Nilijisikia vizuri. Kwa mara ya kwanza tangu mkeo aje, watu walinitazama mimi.

Kipaza anataka nitoe ushuhuda ibada ya kwanza itakapofanyika. Watatumia ukumbi wa chama cha ushirika, nao ukisafishwa tu, siku itatangazwa.

Mama analala wodini akimwuguza. Jana nilipompelekea mkeo uji aliniuliza, "Wifi, nimefanya nini? Wanaokuja kuniona wananiambia nitubu. Niambie basi, nitubu nini?" Nikamwambia anywe uji kabla haujapoa.

Njoo, Kaka.

Mdogo wako

&nbsp;

2 Aprili

Mdogo wangu,

Nimepata barua yako. Nashukuru Mama mzima na wewe mzima. Pole kwa msiba wa Babu wa Kengele, alinifundisha kupiga mbinja.

Sijaja na sitakuja.

Nilikuuliza anabaki na nani. Uliandika kurasa tatu, ukanieleza mpaka rangi ya mbingu, na swali langu hukuligusa. Wewe si mtu wa kusahau. Nimeelewa kwamba unanionea huruma. Ahsante, lakini sasa najua.

Nikuambie kitu ambacho sijamwambia mtu. Alhamisi ile asubuhi niliomba kama ninavyoomba kila siku, ila siku hiyo nilipiga magoti pale chini kwenye maji ya sabuni. Nikasema, "Bwana, leo. Usinicheleweshe. Kama ananidanganya nionyeshe leo." Alasiri ya siku hiyohiyo paa likaanguka. Kanisa zima, watu wote wale, na boriti ikamtafuta yeye. Wewe ungesema nini? Niliomba ishara, nikapewa, mpaka nikaogopa kuishika tena Biblia.

Mzee Kipaza simpendi, lakini safari hii amesema kweli.

Akipona arudi kwao. Sitaki makelele, sitaki vikao vya wazee. Mwambie wewe, kwa kuwa mimi sina maneno, na wewe unajua kusema na wagonjwa. Mwambie asiniandikie tena habari za kuku.

Kaka yako

&nbsp;

14 Aprili

Kaka,

Salamu utazikuta mwishoni, leo sina nafasi ya salamu.

Anayebaki na mkeo baada ya mazoezi ni mke wa mwalimu. Yeye ndiye anayepiga kinanda. Wimbo wa mwongozaji lazima ufanywe na kinanda peke yake, mimi mwenyewe nilibakizwa hivyohivyo miaka yote na hukuwahi kuniuliza nabaki na nani. Mwalimu alikuwa akikaa benchi la nyuma anasahihisha, na watoto wake watatu wakikimbizana chini ya viti. Wakimaliza, Babu wa Kengele alifunga mlango na kumsindikiza mkeo mpaka kwenye geti letu, huku akimlalamikia habari za meno. Mkeo hakukuandikia kwa sababu hakukuwa na la kuandika. Kuku walikuwa na habari zaidi.

Jibu hilo nilikuwa nalo siku niliyoandika barua ya kwanza. Nililiacha nje makusudi. Nilitaka ukasirike kidogo tu, umwandikie aache kwaya, basi. Nilitaka mahali pangu. Sikutaka haya.

Na ulichoniagiza sijamwambia. Barua yako imeingia jikoni, chini ya sufuria, na uji wake umeivia hapo.

Sasa nikueleze Jumapili. Ukumbi wa ushirika ulijaa, watu wamesimama mpaka kwenye mizani ya mazao. Kipaza akasema Mungu anapiga na Mungu anaponya, tusikie kutoka kwa aliyeponywa. Wakapiga makofi. Nilikuwa nimevaa nguo yangu nzuri. Nilikuwa na maneno yangu tayari, Kaka, mazuri kweli, niliyapanga wiki nzima kabla barua yako haijafika. Nikasimama, nikamwona Mama. Alikuwa ametoka wodini kuja kunisikia, bado ana shuka la hospitali begani. Yale maneno sikuyaona tena.

Nikawaambia hivi. "Siku ile sikuwa na mafua. Nilikuwa nyumbani kwa wivu. Wifi yangu aliimba vizuri kuliko mimi, nikasusa. Kama Mungu alikuwa anatafuta wenye dhambi na lile paa, mbona mimi nilikuwa nyumbani nashona? Babu wa Kengele yeye alikosa nini? Na walevi wa ng'ambo mbona hata chupa haikuvunjika? Nimeokoka, ndiyo, namshukuru Mungu. Lakini msiniite mteule. Mtu mwenye chuki alinusurika, na mtu aliyekuwa anamwimbia Mungu ndiye aliyevunjika. Anayejua sababu aje anieleze, maana mimi sijui."

Kipaza akasema, "Dada amechoka, tumwombee." Ndipo mchungaji akasimama. Unajua amezeeka, siku hizi husimama kwa kushikwa. Akasema watu waliwahi kumjia Bwana na habari za wenzao waliouawa, naye akawauliza kama wale walioangukiwa na mnara walikuwa wabaya kuliko wengine. Bwana akawaambia hapana. Halafu akawageukia hao waliomjia, akawaambia watubu wao. Mchungaji akasema, "Mimi pia sijui upepo ule ulitumwa na nani. Dunia hii inaugua, na ikikohoa hututupa wote. Lakini Mungu mkimtafuta leo mtamkuta wodini, si kwenye midomo yetu." Akakaa.

Sasa rudi kwenye ishara yako. Uliniambia ulimwomba Mungu. Hapana, Kaka. Uliomba huku umeishika barua yangu mkononi. Paa lilipoanguka ulilisoma kwa maneno yangu mimi, mdogo wako mwenye kijicho, halafu ukasema ni Mungu aliyesema. Boriti haikumtafuta mkeo. Iliangukia mahali, na mahali hapo nilikuwa napagombea mimi.

Usidhani nimekuwa malaika. Mama akimlisha kwa kijiko na kumpepea, bado kitu kinanichoma hapa kifuani. Kwenye kwaya nimeambiwa nipumzike, na nimesikia wanamjaribu binti wa mwuza mbao, ambaye sauti yake ni kama mlango. Yote haya nayaona na yananiuma. Lakini mkeo anauliza kila siku kama kuna barua kutoka kwako, na mimi kila siku nasema posta wamechelewa.

Salamu. Hatujambo. Mwandikie.

Mdogo wako

&nbsp;

10 Mei

Kaka,

Natumaini hujambo. Natumaini, maana sijui. Umenyamaza.

Sisi tunaendelea. Mkeo ametolewa hospitali, yuko chumba cha mbele kwa kuwa kina dirisha. Anatembea kwa magongo toka kitandani mpaka mlangoni, anashika ukuta, anamtukana yule aliyevumbua plasta, anarudi. Mbavu zimepona kiasi cha kucheka. Kuimba bado, pumzi inakatika.

Nimemwambia. Si ulichoniagiza wewe, hicho hatakisikia kinywani mwangu. Nimemwambia nilichokuandikia mimi Februari, neno kwa neno. Nilikuwa nimesimama karibu na mlango ili nikitukanwa nitoke. Hakunitukana. Aligeukia ukutani, akakaa hivyo mpaka Mama alipoleta chakula, na chakula hakukigusa. Kesho yake asubuhi akaniita. Akasema, "Wifi, niletee maji ya vuguvugu, nisaidie kuosha nywele."

Nimemwosha. Zilikuwa bado zina vumbi la kanisa kwenye mizizi. Mpaka sasa sijui kama huko ndiko kunisamehe, au ni kwamba nywele zilikuwa chafu na Mama hawezi kuinama. Sikuthubutu kuuliza. Nilipomaliza kumfunga kitambaa akasema, "Hata mimi nilikuonea wivu. Wewe mumeo hayuko mbali." Nikamwambia mimi sina mume. Akasema, "Ndiyo hivyo." Tukacheka mpaka akashika mbavu.

Kaka, mimi usinijibu kama hutaki. Lakini yeye, ukimwacha kimya hivi, ataamini alichosema Kipaza. Anaanza kuamini. Jana nilimkuta anasali, anataja makosa ya tangu utoto, sukari aliyoiba, rafiki aliyemdanganya, anatafuta lipi kati ya hayo lilikuwa zito kama boriti. Nilisimama nje ya mlango nikasikia yote. Umwache hapo?

Mdogo wako

&nbsp;

28 Mei

Mdogo wangu,

Salamu. Mimi mzima.

Barua zako zote mbili ninazo. Ya kwanza niliikunja nikaiweka, nikakuchukia. Nilikuchukia kwelikweli, nataka ujue. Nilipiga pasi shuka nikaliunguza, nikaitwa ofisini. Halafu hasira ikaisha, nikabaki na mimi mwenyewe, na hapo ndipo palikuwa pabaya zaidi. Wewe uliandika mistari mitatu tu. Mengine yote niliyajaza mimi. Ndevu za mwalimu, manukato, kila kitu. Na nilipoambiwa mke wangu ameangukiwa na boriti, jambo la kwanza nililofikiria ni kwamba nimejibiwa maombi. Sikuuliza kama anaumwa. Hebu fikiria, mtu anaita hiyo imani.

Nimemwandikia. Yake ni ndefu, ameipata au ataipata kesho. Nimemwambia yote, na niliyokuagiza umwambie pia nimemwambia, kwa mkono wangu, ili asije akayasikia kwa mtu mwingine. Anaweza kukataa kuniona. Ni haki yake.

Mwalimu mwenye ndevu bado simpendi. Hilo naomba Mungu anivumilie nalo.

Nimepewa ruhusa. Basi linafika Jumamosi ya pili ya Juni, mchana. Najua wewe ndiye huja kunipokea siku zote, na najua utakuwa umeshaanza kupiga pasi gauni. Safari hii usije kituoni, wala Mama asije. Kama yeye anataka, aje na magongo yake, taratibu, hata achelewe vipi. Mimi nitakaa kwenye benchi. Nataka wa kwanza kuniona awe yeye.

Asipokuja, nitarudi na basi la jioni, na wewe usinifuate.

Kaka yako